Matundu madogo ya kutu kwenye bodi ya gari: maswali ninayoulizwa Malindi

Maswali haya yamejikusanya yenyewe kwa miaka, mengi yakiulizwa mteja akiwa amechuchumaa kando ya gari, kidole kimeingia ndani ya tundu. Majibu ni ya magari yanayolala huku kwetu: Malindi mjini, Watamu, Mambrui, mpaka Marereni. Mtu wa Nakuru atapata la kumfaa, ila yeye halali na bahari ikimpulizia chumvi dirishani.

Rangi imevimba kidogo tu, tundu lenyewe silioni. Kuna haja ya kuharakisha?

Chukua bisibisi bapa, bonyeza katikati ya uvimbe bila kutumia nguvu. Ukikuta chuma kigumu, umewahi: kwangua, paka dawa ya kutu, praima (rangi ya kwanza ya chini), rangi, yamekwisha. Bisibisi ikizama, basi tundu unalo tangu zamani, ni vile lilikuwa limevaa rangi. Kutu hujaza nafasi kubwa kuliko chuma ilichokila, ndiyo maana rangi huumuka kama andazi.

Lipo jambo ambalo wateja hawapendi kulisikia. Chini ya milango, kwenye ukingo wa madigadi na kwenye mkanyagio wa mlango, kutu huanza ndani ikatokea nje. Tundu la ukubwa wa punje ya kunde kwa nje, upande wa pili bati limekwisha upana wa vidole vitatu. Nikikata kipande kikubwa kuliko ulivyotarajia, sikukomoi.

Mbona gari la bara likija huku halidumu?

Chuma kikipata maji na hewa kinashika kutu popote duniani. Chumvi inachofanya ni kuharakisha. Kutu ni kazi ya umeme mdogo sana unaotembea juu ya chuma chenye unyevu, na maji ya chumvi hupitisha umeme vizuri kuliko maji matamu. Tena chumvi huvuta unyevu kutoka hewani, kwa hiyo gari lenye utando wa chumvi huwa na majimaji hata siku ambayo hakuna wingu. Ukiwa na nyumba karibu na ufuo, pangusa kioo cha dirisha wakati kusi inavuma, uonje kidole. Hicho ndicho kilicho juu ya boneti yako, na ndani ya milango yako.

Kuna magari yanayojitafutia. Pikapu za samaki hudondosha maji ya barafu yenye chumvi ndani ya sakafu kutwa nzima. Pikapu zinazobeba chumvi kutoka Gongoni zinaoza kwa nyuma kwanza, kama ilivyo haki yake. Gari linalorudisha boti baharini kwa trela mpaka magurudumu ya nyuma yaingie majini, hilo sina la kusema, ila lioshwe siku hiyo hiyo.

Halafu kuna kutu iliyokuja na meli. Mikoa ya baridi ya Japani kama Hokkaido humwaga chumvi barabarani wakati wa theluji. Sheria yetu hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8, lakini miaka 7 ya chumvi ya theluji inatosha. Kabla hujalipa, tandika gunia, lala chini ya gari, uangalie kwa tochi. Juu linang'aa kila mara.

Tundu gani naweza kuziba mwenyewe, na lipi nilipeleke kwa fundi?

Jiulize kipande hicho kinabeba nini. Ngozi ya mlango, madigadi, boneti na buti hubeba rangi tu. Ukikosea, utaaibika lakini hutaumia. Mkanyagio wa mlango, chesisi, mahali mshipi wa usalama umefungwa, mahali springi na shokamzoba zinapokaa, hivyo hubeba watu. Huko hakuna faiba wala puti, ule uji mzito wa kusawazishia bodi unaoganda. Ni kukata na kuchomelea bati zima, na awe fundi anayejua. Nimewahi kuona mkanyagio uliozibwa kwa puti, ukapakwa rangi nyeusi ya chini, ukauzwa na gari lake. Mnunuzi alipoweka jeki, jeki ilipanda mpaka ndani.

Kwa ukubwa, tundu linaloweza kufunikwa na sarafu ya shilingi 20, lililo kwenye bati lisilobeba kitu, ni lako kama una subira ya siku mbili. Likizidi hapo, au yakiwa mengi yamepangana kama chujio, bati hilo limekwisha kama bati.

Naomba hatua za kuziba bila kuchomelea.

Anza kwa kuosha, na uoshe kwa maji ya mfereji yanayotoka Baricho, si ya kisima cha jirani. Visima vingi vya karibu na pwani vina chumvi, na utakuwa unapaka kutu mpya kabla hujaitoa ya zamani. Acha pakauke kabisa.

Kwangua rangi mpaka sentimita 5 kuzunguka tundu, kwa brashi ya waya ya grainda au msasa namba 80. Usisimame ulipoona kutu imeisha. Simama ulipoona chuma cheupe pande zote. Sasa kata kila kilicho chembamba. Kipimo changu ni bisibisi ile ile: inapopenya, panakatwa. Hapa ndipo watu hurudi nyuma kwa huruma, wakaacha ukingo ulioliwa nusu kwa sababu tundu linakuwa kubwa. Ukingo huo ndio utakaovimba baada ya masika.

Gonga kingo za tundu ziingie ndani kidogo kwa nyundo ndogo, milimita 2 au 3, upate kibonde. Vishimo vya kutu vilivyobaki kwenye chuma kizima vipake dawa ya kutu, uiache kwa muda ulioandikwa kwenye chupa. Kama unaweza kufika upande wa nyuma, kwa kutoa kadibodi ya mlango au taa, kiraka kikae nyuma. Ndipo kinaposhika vizuri zaidi.

Kiraka chenyewe ni kitambaa cha faiba kilicholoweshwa rezini, gundi yake ya majimaji inayoganda, kile kile wanachozibia boti za faiba. Kata vipande viwili, cha kwanza kipite ukingo wa tundu kwa sentimita 2 au 3 kila upande, cha pili kipite zaidi kidogo. Bonyeza kwa brashi mpaka mapovu ya hewa yatoke. Kikikauka, piga msasa, ndipo uje na puti, nyembamba, isizidi milimita 3. Puti wengine huita fila, ni kitu kimoja.

Kuhusu hadena, dawa inayochanganywa na puti ili igande: asilimia 2 hivi kwa uzani, yaani gramu 2 kwa gramu 100 za puti. Kopo limeandikwa na watu ambao hawajawahi kusimama Malindi mwezi Machi. Joto likiwa kali, puti inaganda mkononi ukitafuta kisu, kwa hiyo koroga kidogo kidogo na kaa kivulini. Ukizidisha hadena ukidhani unaharakisha kazi, itakuja kujitokeza kwa doa la manjano juu ya rangi.

Piga msasa namba 80, halafu 180, halafu 320, ukiufunga kwenye kitu bapa ili mkono usichimbe mabonde. Mimi natumia soli ya ndara kuukuu. Mpaka hapo msasa uwe mkavu. Puti hunyonya maji kama sponji, na ukiilowesha utafungia unyevu ndani. Msasa wa maji, namba 600 na kuendelea, ngojea praima imekauka.

Kwa nini usijaze puti tu? Jirani yangu alifanya hivyo na gari linapendeza.

Linapendeza kwa miezi mingapi? Puti ya kawaida imetengenezwa kusawazisha, haikutengenezwa kuziba. Ikiwekwa juu ya tundu bila kiraka nyuma yake, unyevu unaingia kwa ndani, puti inaunyonya, chuma kinachoizunguka kinaendelea kuoza gizani. Siku moja unafunga mlango, kipande kinaanguka kizima, na rangi yake nzuri.

Nilifungua mlango mmoja nikatoa gazeti lililokunjwa, limeshindiliwa kama pamba kwenye godoro, puti juu yake. Gazeti lilikuwa limelowa. Aliyelifanya hilo simtaji, na sina hakika alidhani anamdanganya nani. Povu lile la kopo la kuzibia nyumba ni binamu wa gazeti: hushika maji yakakaa pale pale unapotaka yasikae.

Dawa ya kutu hufanya nini hasa? Siwezi kutumia ndimu?

Dawa nyingi zina asidi ya fosforasi, au tanini, au zote mbili. Asidi ya fosforasi hugeuza kutu kuwa fosfeti ya chuma, na tanini huigeuza kuwa kitu cheusi kigumu ambacho rangi inaweza kukaa juu yake. Ndiyo maana ukipaka, wekundu unageuka mweusi. Tanini ndiyo ile ile iliyo kwenye magome ya mikoko, ambayo zamani yalisafirishwa kutoka pwani hii kwenda kulainisha ngozi za wanyama. Sikuambii uende Mida ukabandue mkoko, na hata hivyo ni kosa; dukani chupa zipo.

Ndimu, siki na ukwaju hula kutu kweli, kama zinavyong'arisha sinia za shaba. Zinafaa kwa bolti au kitasa unachoweza kukiloweka usiku kucha, ukakiosha na kukikausha mara moja. Juu ya mlango wa gari zitakuachia chuma kitupu chenye asidi, na kwa hewa ya hapa kitakuwa kimepiga wekundu kabla hujamaliza chai. Na dawa yoyote haipiti kutu nene. Inageuza ngozi ya juu tu. Magamba yatolewe kwanza kwa mkono.

Fundi wangu anataka kuchomelea. Nimuulize nini?

Muulize anachomelea kwa mashine gani. Bati la bodi lina unene wa milimita 0.7 au 0.8 hivi. Mashine ya fimbo, ya kuchomelea mageti, hulitoboa, na ukaja na tundu moja ukaondoka na manne. Gesi inaweza, mkononi mwa mzee aliyeizoea, lakini joto lake husambaa na mlango ukapinda kama kanda za kaseti zilizoachwa juani. Mashine inayolisha waya yenyewe, waya wa milimita 0.6, ndiyo ya kazi hii. Achome nukta, aruke, achome nukta mbali, aache papoe, arudi. Akivuta mstari mmoja mrefu kwa haraka ili aende zake, mwambie asimame.

Muulize pia bati la kiraka limetoka wapi. Bati la paa la geji 30 ni jembamba mno. Kipande kilichokatwa kutoka boneti au mlango wa gari lililokufa kinafaa sana, unene wake ni ule ule. Bati lililopakwa zinki likwanguliwe zinki pale moto utakapopita, kwa sababu moshi wake mweupe humlaza mtu kwa homa na kutetemeka usiku huo.

Kwa matundu ya ukubwa wa kichwa cha msumari kuna ujanja mzuri. Ponda bomba la shaba la friji libaki bapa, lishikilie nyuma ya tundu, uchomelee kutoka mbele. Chuma hakishiki kwenye shaba, kwa hiyo tundu linajaa na shaba inatoka safi.

Kabla ya moto wowote, betri ifunguliwe, sponji, zulia na nyaya zilizo karibu zitolewe, na ndoo ya maji iwe pale. Mtu mmoja akae upande wa pili akiangalia. Nasema hivi kwa sababu mimi mwenyewe niliwahi kuchoma nukta nne nzuri sana kwenye mkanyagio, huku zulia linawaka ndani na mimi nimevaa miwani nyeusi. Karibu na tangi la mafuta, tangi hutolewa. Hilo halina mjadala.

Ni wakati gani mzuri wa kupiga rangi?

Miezi ya kaskazi, Desemba mpaka Machi, mvua ikiwa mbali. Mwezi wa Mei nakubali kazi ya kukata na kuchomelea na praima. Rangi ya mwisho nangojea siku ikae sawa.

Ndani ya siku, saa tatu mpaka saa tano asubuhi. Kabla ya hapo umande haujatoka kwenye bati, hata kama huuoni, na rangi hutoka na ukungu mweupe. Baada ya adhuhuri upepo umeinua vumbi, na bati lililo juani linachoma mkono. Thina inaruka kabla rangi haijatandaa, unabaki na uso wa mchanga. Mwagia maji sakafuni kutuliza vumbi, na usipige rangi chini ya mkilifi wala chini ya makuti makuukuu. Chenga za makuti zina roho mbaya, hungoja rangi iwe mbichi.

Rangi mpya haifanani na ya zamani.

Namba ya rangi iko kwenye kibati kilichobandikwa ndani ya boneti au kwenye nguzo ya mlango. 040, kwa mfano, ni nyeupe ya Toyota. Lakini namba ni ya gari lilipotoka kiwandani. Lako limekaa juani. Nyeupe ya kawaida husameheka. Rangi za kumeta huonyesha kiraka kama kanzu iliyotiwa viraka, na dawa ni kutandaza rangi mpya ikififia taratibu ndani ya kipande jirani, kisha kupaka koti la juu kipande kizima. Hii ndiyo sababu kazi ya tundu moja wakati mwingine huwa bei ya mlango mzima.

Bei je?

Ukiambiwa bei kwa simu kabla mtu hajabonyeza bisibisi, hiyo ni bahati nasibu. Omba igawanywe: kukata na kuziba peke yake, rangi peke yake, na kinga ya ndani peke yake. Kama mfuko haukuruhusu, ziba sasa, weka praima ya epoksi, rangi ije mwezi ujao. Praima za kawaida hupitisha maji, usiziache uchi msimu mzima.

Nimwage oili chafu chini ya gari kama wanavyofanya wengi?

Inazuia kutu, sitakudanganya. Pia inalainisha mipira ya chini, inashika mchanga wa ufuoni ukawa uji, na inadondoka uani watoto wanapochezea. Ndani ya milango na mikanyagio tumia oili safi au nta ya kupuliza, kupitia matundu yaliyopo, mara moja kwa mwaka kabla ya masika. Ile lami nyeusi ya chini ni nzuri juu ya chuma safi tu. Ikipakwa juu ya kutu huwa blanketi, na kutu hulala vizuri chini yake.

Land Rover yangu haishiki kutu. Kweli?

Bodi za zile za zamani ni za alumini, tangu zilipoanza kutengenezwa mwaka 1948, wakati Uingereza ilikuwa na uhaba wa chuma baada ya vita. Chesisi ni chuma, nayo huoza kama ya mtu mwingine yeyote. Na pale alumini inapogusana na chuma palipo na chumvi, alumini ndiyo inayoliwa. Utaona unga mweupe na rangi ikivimba kuzunguka bolti. Usiichomelee kama bati la chuma. Tenganisha metali hizo mbili kwa mpira au rangi nzito.

Mimi ni wa Lamu, gari nalilaza Mokowe, gatini upande wa bara, wiki mbili tatu. Nilifunike?

Turubai la nailoni hapana. Linafungia unyevu, na upepo ukilitikisa linasugua rangi. Banda la makuti lenye hewa kila upande linashinda. Osha chini kwa maji matamu kabla ya kupanda boti, uliache likauke, usiliache na mchanga mbichi kwenye zulia.

Niliziba mwaka jana, limetoboka pale pale. Fundi alinila?

Huenda. Huenda pia alifanya kazi safi na hakuna aliyeuliza maji yanaingilia wapi. Kila mlango una matundu madogo chini kabisa ya kutolea maji yanayopita kwenye kioo, na mchanga wetu huyaziba. Mwaga maji ya jagi juu ya kioo cha mlango, kioo kikiwa kimefungwa, na uchuchumae uangalie chini. Yakitoka kwa haraka, katafute kwingine: mpira wa kioo cha mbele, mpira wa taa ya nyuma, mfereji wa juu ya paa kwenye Hiace. Yasipotoka, fungua na ufunge mlango mara mbili tatu, utasikia maji yakichapa ndani kama dafu. Chukua kijiti cha mshikaki, uzibue.